Fishe haipandi: kutatua matatizo ya mafunzo na ujuzi wa wahusika kwenye michezo ya angani ya mezani

Niko naongoza meza ya michezo ya hadithi za anga hapa Lubumbashi: kila mchezaji anaigiza mhusika wake, mwongozaji anaeleza hadithi, na dadu zinaamua nini kinafaulu. Tunakutana Kamalondo, na wachezaji wanatoka commune za Katuba, Kenya na Kampemba, kila mmoja na kaye (daftari) yake na biki yake. Kwa hii miaka yote malalamiko yanayokuja kwangu ni yale yale. Hayahusu meli wala vita, yanahusu fishe ya mhusika, ile karatasi ya sifa na ujuzi wake: ujuzi wangu haupandi, wa mwenzangu umepanda mno, pointi zangu sijui nizifanye nini. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu ya kawaida mbele, ya nadra nyuma.

Lakini kabla ya yote fungua kaye ya meza, ile mnayoandikia hadithi, uangalie kama kuko tarehe ndani. Tarehe za hadithi, si za Jumamosi mliyocheza. Kama hakuna, kuko uwezekano mkubwa kwamba tatizo lako linatoka hapo hata kama kwa macho linafanana na kitu kingine, mimi kila mara nikichimba nakuta hakuna mtu aliyekuwa anahesabu siku.

Jambo la pili, piga picha fishe zote na simu kabla ya kugusa namba hata moja. Usitengeneze kanuni katikati ya mchezo. Maliza kikao, toa uamuzi wa muda, tengeneza kesho yake na kichwa baridi.

DALILI: "Tumecheza miezi sita, namba ni zile zile"

Hii njo ninayosikia kuliko zote. Sababu ya kwanza ni kwamba watu wanangoja pointi ambazo haziji. Wengi tumeanzia kwenye michezo ya mapanga na majoka, unaua kitu, unapata pointi, unapanda nivo, yaani ngazi. Traveller, mchezo wa anga uliotoka 1977 kwa Marc Miller na wenzake wa kampuni ya GDW, haikujengwa vile. Mhusika anakuja mezani akiwa mtu mzima tayari, amepita jeshini ao kwenye meli za biashara, kila muhula miaka 4, na sehemu kubwa ya ujuzi wake ameipata humo kabla hadithi haijaanza. Baada ya hapo anapanda polepole, kwa kusoma na kwa mazoezi. Kwa hiyo uliza kwanza, kwa sauti, mezani: sisi tunapanda kwa njia gani? Kwa muda, kwa pointi, ao kwa alama za kutumia ujuzi? Nimeshauliza meza ya watu wanne nikapata majibu matatu.

Sababu ya pili ni kalenda. Toleo la Traveller la 2008, la kampuni ya Mongoose, lina hesabu nyepesi: jumlisha nivo zote za ujuzi ulizonazo, ongeza nivo unayotaka kufikia, hizo njo wiki za mafunzo. Tuseme uko na ufundi 2, urubani 1, bunduki 1, udaktari 1. Jumla 5. Unataka urubani 2, basi 5 na 2, wiki 7. Si mingi. Lakini kama hakuna mtu anayeandika kwamba wiki imepita, hizo 7 hazitafika hata siku moja, mtacheza vikao ishirini na ndani ya hadithi zitakuwa zimepita siku nne, juu kila kikao kinaanza pale pale kingine kilipoishia, bado mko kwenye ile korido mnapigwa risasi.

Hapa kuko kitu wachezaji wanapoteza bila kujua: safari ya kuruka. Kwenye Traveller meli ikiruka toka nyota moja kwenda ingine inakaa humo karibu wiki nzima, uruke parsek (kipimo cha umbali wa nyota) 1 ao 6 ni ile ile wiki. Hakuna redio, hakuna adui, hakuna mteja. Watu wako ndani ya chuma na chai yao. Hiyo njo darasa lenu! Mimi nilikuwa nasema "mmeruka, mmefika" tunaendelea, mpaka siku moja tukarudi nyuma kwenye kaye tukahesabu miruko 11. Wiki 11 zilipita na hakuna mhusika hata mmoja aliyefungua kitabu. Rubani wetu angekuwa amepanda zamani.

Dawa: ukurasa mmoja wa kaye, mistari minne. Tarehe ya hadithi, meli iko wapi, nani anasoma nini, wiki ya ngapi. Pembeni piga vistari, vitano vitano, kama mtu anayehesabu magunia ya makaa. Mtu mmoja tu ashike hiyo kazi, na asiwe mwongozaji, mwongozaji ana mambo mingi kichwani.

Sababu ya tatu, mnachanganya matoleo. Mmoja ana la 2008 kwenye simu, mwingine ana la 2016, ambalo linaenda kwa vipindi vya wiki 8, halafu mwishoni unatupa dadu mbili kwa Elimu yako, moja ya sifa za mhusika, na unahitaji 8 ao zaidi. Mtu wa Elimu 7 hana bonasi yoyote, kwa hiyo anafaulu mara 15 kati ya 36 tu. Huyo njo anakuja kulia kwamba "nimesoma miezi miwili na nimefeli", na mwenzake wa toleo lingine anapanda bila mtihani. Angalieni ukurasa wa mbele wa kitabu cha kila mtu. Chagueni kimoja.

Sababu ya nne ni kikomo, na hii ni nadra. Mongoose wanasema jumla ya nivo zako haiwezi kupita mara tatu ya Akili na Elimu zikijumlishwa. Ukiwa na 7 na 7 hiyo ni 42, na mhusika wa kawaida anaanza na kumi na kitu hivi. Kwa hiyo mtu akikuambia amefika kikomo, mwambie ahesabu tena. Ila kama mnacheza na vitabu vya zamani, kikomo ni ile jumla yenyewe bila kuzidisha, 14, na hapo kweli mzee mwenye mihula mingi anaweza kukigusa.

DALILI: "Tunashindwa kila kitu, hata vitu vidogo"

Hapa nitakaa kidogo juu njo dalili iliyonifundisha mimi mwenyewe.

Traveller ni mchezo wa dadu mbili: unatupa, unajumlisha ujuzi, unatafuta 8. Asiye na ujuzi kabisa anakatwa 3, kwa hiyo lazima dadu zenyewe zitoe 11. Michanganyiko ya dadu mbili ni 36, na inayotoa 11 ao 12 ni 3 tu. Tatu! Sasa mtu mwenye ujuzi wa sifuri hakatwi kitu, anatafuta 8, na hiyo inatoka mara 15. Yaani kutoka kutojua kabisa mpaka sifuri umetoka 3 mpaka 15. Kutoka sifuri kwenda 1 unafika 21. Kutoka 1 kwenda 2 unafika 26. Kisha 30, kisha 33. Ona mwenyewe hatua kubwa iko wapi. Iko pale chini kabisa, pale ambapo hakuna mtu anataka kutumia wiki zake, kila mmoja anataka kuwa rubani wa 3 na hakuna anayejua kufunga bandeji.

Nilipokuwa kijana nilikaa kwenye garaji moja, commune ya Kenya, mwaka wa kwanza wote nilikuwa naosha vipande na mafuta, napitisha funguo, "leta ya kumi na tatu, hapana, ile ingine". Nilidhani sijifunzi kitu. Lakini mwisho wa mwaka nilikuwa najua jina la kila kipande, najua nini kinashika moto, najua mkono usiweke wapi. Hiyo njo sifuri. Sifuri si kutojua. Sifuri ni mtu aliyekubaliwa ndani ya garaji.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kushindwa-shindwa: kikundi hakina sifuri za kutosha. Chukueni karatasi, andikeni kazi kumi ambazo meli yenu inakutana nazo kila mara, injini, umeme, udaktari, kuvaa nguo ya anga, kuongea na polisi wa bandari, kupima madini, na kadhalika. Mbele ya kila moja andikeni nani ana angalau sifuri. Penye pengo, hapo njo mafunzo yanaanzia, hata kama haina sifa.

Ya pili, kosa la kuandika. Kwenye fishe kisanduku tupu na kisanduku chenye 0 si kitu kimoja, na wengi wanaacha tupu wakidhani ni sawa. Mchezaji wetu mmoja, mwanafunzi wa polytechnique, alicheza vikao vinne akikatwa 3 kwenye elektroniki na alikuwa na 0 toka mwanzo. Rudini kwenye karatasi ya kuumba mhusika, linganisheni moja moja.

Ya tatu, bonasi ya sifa za mwili na akili imesahauliwa. Kwenye Mongoose sifa ya 6 mpaka 8 haitoi kitu, 9 mpaka 11 inatoa +1, 12 mpaka 14 inatoa +2, na ukiwa na 3 mpaka 5 unakatwa 1. Iandikeni pembeni ya sifa yenyewe na kalamu nyekundu.

Ya nne ni ya mwongozaji, na wenzangu mnisamehe: mnaomba dadu kwa kila kitu. Mtu mwenye ufundi 1, ana vifaa, ana muda, hakuna anayemfukuza, mpeni tu. Dadu ni kwa pale kushindwa kunabadilisha kitu.

DALILI: "Mmoja anapaa, wengine wamebaki chini"

Kama mnatumia kanuni za asilimia za kampuni ya Chaosium, ambapo ujuzi ni namba kwa 100, zile zilizoanza na mchezo wa RuneQuest 1978 na watu wengi wanazivalisha nguo za anga, angalieni kwanza kitu kimoja: mnatupa dadu ya kupanda kwa upande gani? Kutumia ujuzi, unatafuta kutupa chini ya namba yako. Kuupandisha ni kinyume, unatafuta kutupa juu yake. Mwenye 35 ana nafasi 65 kwa 100 za kujifunza kitu, mwenye 85 ana 15. Hivyo njo ilivyo kwa maisha, anayeanza anajifunza kila siku, bingwa anajifunza mara moja moja. Nimekuta meza iliyogeuza, inatupa chini kwa vyote viwili, na bila shaka mwenye 85 alikuwa anaruka na wengine wanamtazama. Kanuni yote inajirekebisha yenyewe ukiigeuza inavyotakiwa.

Sababu inayofuata: kuwinda alama, ile unayoweka mbele ya ujuzi uliotumia ili baadaye utupe dadu ya kuupandisha. Mchezaji anajaribu kila ujuzi ili aweke alama, anapima hewa, anachungulia, anapanda ukuta usio na kitu juu. Alama ni moja tu kwa kila ujuzi mpaka mtakapokaa kupandisha, na inatoka pale ambapo kulikuwa na hatari. Mwongozaji aseme hivyo mapema, kwa upole, mbele ya wote.

Halafu kuko wale wasiofika kila mara. Huyu wa zamu za usiku, huyu wa mitihani. Sisi tumeamua mhusika wa mtu aliyekosa anahesabiwa yuko melini anasoma. Wiki zake zinaenda. Haikuharibu kitu, na ilituondolea manung'uniko mingi.

DALILI: "Pointi zimelundikana, sijui nizitumie wapi"

Fupi. Hii inatoka sana kwa wanaocheza Stars Without Number, mchezo mwingine wa anga, wa Kevin Crawford, toleo lililorekebishwa. Pale bei inapanda: nivo 0 pointi 1, nivo ya 1 pointi 2, ya 2 pointi 3, ya 3 pointi 4, ya 4 pointi 5, na unalipa kila ngazi, huwezi kuruka ya katikati. Na kuko kufuli: ujuzi 2 unataka mhusika awe nivo ya 3, ujuzi 3 unataka nivo ya 6, ujuzi 4 unataka nivo ya 9. Kama pointi ziko na hazitumiki, mara mingi mtu anangoja kufuli ifunguke. Aambiwe anunue sifuri mbili ao tatu wakati anangoja, amesoma hesabu ya hapo juu anajua juu ya nini.

DALILI: "Hakuna anayetaka kusimama kusoma"

Wachezaji wanasema mafunzo yanachosha. Mimi nasema angalieni deni la meli kwanza.

Kwenye Traveller ya zamani meli ndogo ya biashara inauzwa krediti 37,080,000. Benki inawapa, mnalipa kila mwezi sehemu 1 ya 240 ya bei, kwa miezi 480, miaka 40. Piga hesabu: 154,500 kila mwezi. Sasa mwambie mtu mwenye deni la vile apaki meli bandarini wiki saba ili rubani asome. Hatakubali, na yuko na haki, kwa pesa ile hata mimi singekubali. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya uvivu wa kusoma ni kwamba kusoma kunauma mfukoni.

Tengenezeni hivi, kuanzia nyepesi. Kwanza someni ndani ya mruko, haigharimu kitu, ile wiki ingepita vilevile. Pili, tafuteni mwalimu melini mwenyewe, mhusika mwenye udaktari 2 amfundishe mwenye hamu, na mwongozaji awape tukio dogo moja kila wiki, dakika tano, mwalimu amekasirika, mwanafunzi amevunja kitu, hivyo mafunzo yanakuwa sehemu ya hadithi badala ya mstari kwenye kaye. Tatu, kazi inayolipa wakati unajifunza: kituo cha mgodi kinatafuta wasaidizi kwa miezi miwili, chakula na kitanda bure. Sisi hapa tumekulia pembeni ya shaba, mchezaji yeyote wa Lubumbashi ataelewa kituo cha mgodi bila kuelezwa: zamu, king'ora, msimamizi anayejua jina la kila mtu. Meza yetu ilipenda ile miezi miwili kuliko vita vyote tulivyopigana.

Ya mwisho, na ya nadra: mchezaji anaogopa uzee wa mhusika. Kuanzia miaka 34, kila muhula wa miaka 4 kuko dadu za kuzeeka, nguvu inaweza kupungua. Lakini wiki saba si miaka minne. Mwoneshe kalenda, atatulia.

DALILI: "Kila kitu kinafaulu, hakuna wasiwasi tena"

Jumlisheni bonasi ya yule anayefaulu sana, moja moja: ujuzi, sifa, kifaa, msaada wa mwenzake, muda wa ziada. Mtu akifika +4 anafaulu 33 kati ya 36 kwa 8. Kisha jiulizeni kama mwongozaji ametumia 8 kwa kila kitu. Kutafuta 10 ao 12 kuko kwenye kitabu kwa sababu yake. Yule wa +4 akitafuta 12 anarudi kwenye 15 kati ya 36, na jasho linarudi. Angalieni tena kama hamkutoa nivo kwa zawadi, "umecheza vizuri, chukua moja". Zawadi ya vile mpeni pesa, rafiki bandarini, jina zuri. Ujuzi uache upite kwa kalenda.

Usipunguze namba za mtu ambazo ameshazichezea. Kumnyang'anya mchezaji nivo aliyopewa ni kosa ambalo meza haziponi. Pandisha ugumu wa kazi, acha fishe yake.

WAPI USIMAME NA KUITA MTU MWINGINE

Kama mmebadilisha kanuni tatu na dalili haijabadilika, acheni kubadilisha. Rudisheni kanuni za kitabu, zote, na itafuteni ile picha ya fishe mliyopiga mwanzoni. Ita mtu aliyeongoza hadithi ndefu mpaka mwisho, hata kama ni ya mchezo mwingine, akae kikao kimoja pembeni bila kucheza. Jicho la nje linaona haraka. Kwetu alikuja mzee mmoja, hajawahi kugusa mchezo wa anga, baada ya saa moja akauliza tu: "Leo ni tarehe gani kwenye meli?" Hakuna aliyejibu.

Kama wawili wanagombana na ugomvi unahusu nani anapendelewa, si namba tena. Funga kitabu. Usitatue hiyo kwa dadu. Ongea na kila mmoja peke yake, na kama wewe mwongozaji njo unayetuhumiwa, mwambie mtu wanayemheshimu wote wawili aongee nao.

Na kama mchezaji anakosa shule kwa sababu ya mchezo, halali usingizi, ao anaongea kama mhusika wake njo kitu pekee alichobaki nacho, hiyo imeshatoka mikononi mwa meza. Kwa kijana, nenda kwa wazazi wake ao kwa mwalimu wake. Kwa mtu mzima, kaa naye, mwulize, na msaidie afike kwa daktari. Fishe yake iwekeni kwenye kaye, mahali pake pamoja na wengine, na wiki zake ziendelee kuhesabiwa.

Ukishatengeneza kitu chochote kati ya hivi, cheza vikao vitatu bila kugusa tena. Kisha fungua ule ukurasa wa vistari. Kama vistari vimeongezeka na namba moja angalau kwenye fishe moja imebadilika, acha hivyo hivyo.